Kukagua madimbwi na mabonde ya vyura na kobe wa maji Pemba: mwongozo kamili

Fomu za ukaguzi zinazonifikia kutoka kwa vijana wa kamati za mazingira nyingi zina sentensi moja: "Tumefika, tumetazama, hakuna vyura." Ukisoma juu ya fomu unaona tarehe ni ya katikati ya kaskazi na saa ni nne asubuhi. Bonde limepasuka nyufa na jua linachoma. Vyura wapo. Wamejichimbia chini ya udongo, wako ndani ya makuti yaliyooza, wako kwenye tundu za miti. Lakini fomu imeshaandikwa, na mwaka ukifika mtu anataka kufukia dimbwi lile, fomu hiyo ndiyo inayotolewa kuwa ushahidi kwamba hapana cha kulindwa.

Kwa hiyo nimeandika hatua moja baada ya nyingine, pamoja na sababu ya kila hatua, ili kosa hilo lisirudiwe masika ijayo.

## Unamtafuta nani

Pemba ina chura wake ambaye hapatikani pengine popote duniani: Phrynobatrachus pakenhami, chura mdogo wa madimbwi ya kina kifupi. Akipotea Pemba, amepotea kabisa. Unguja nao wana wao: Kassina jozani, aliyetambuliwa kisayansi 2006, na Phrynobatrachus ungujae, 2007. Hao wa pili na wa tatu wametajwa miaka ya karibuni tu, katika kisiwa ambacho watafiti wamekuwa wakipita kwa zaidi ya karne. Ndiyo maana siamini fomu inayosema "chura wa kawaida" bila picha.

Kobe wa maji ni mwengine na kasa wa baharini ni mwengine. Kasa ana makafi. Kobe wa maji ana miguu yenye kucha. Shingo yake haiingii ndani moja kwa moja, huikunja ubavuni. Wale wa jamii ya Pelusios gamba lao la chini lina bawaba mbele, hulifunga kama mlango wakishtuka. Andika jambo hilo kwenye fomu, maana linatenganisha jamii moja na nyengine.

## Vifaa

- Gambuti, na glavu ndefu za mpira
- Tochi ya kichwa na tochi ya akiba
- Mwanzi wa mita moja na nusu uliochongwa alama kila sentimita moja
- Futi ya kamba ya mita 50
- Chandarua cha kuchotea: waya mnene uliokunjwa duara, kipande cha chandarua cha mbu, mpini wa mita moja
- Beseni jeupe la plastiki
- Simu yenye kamera, kinasa sauti na ramani
- Kipima chumvi ya maji, kile cha mkononi cha betri. Kikikosekana, omba kwa watu wa maji au skuli yenye maabara
- Daftari na penseli (kalamu ya wino ikirowa umepoteza usiku mzima)
- Klorini ya kufulia, brashi na ndoo

Onyo kabla ya lolote. Maji baridi (yasiyo ya chumvi) ya Unguja na Pemba yana kichocho. Vijidudu vyake hutoka ndani ya konokono wa majini, hasa mchana jua likiwa kali, na hupenya ngozi bila wewe kuhisi kitu. Usiingie majini miguu mitupu, usinawe uso, usionje maji kujua kama yana chumvi. Maji yakiingia ndani ya gambuti, toka, jifute mpaka ukauke, na ukapime mkojo baada ya miezi miwili hivi. Usipime kesho yake, haitaonekana kitu.

## Hatua ya 1: Kwa sheha, kisha kwa wenye bonde

Anza kwa sheha wa shehia husika. Ndani ya msitu wa hifadhi kama Ngezi, au Jozani kwa upande wa Unguja, unahitaji ruhusa ya Idara ya Misitu kwa maandishi, na ukitaka kushika mnyama lazima ruhusa iseme hivyo. Usiku watu wanakuona na tochi bondeni. Bila ya sheha kujua, utachukuliwa mwizi wa ndizi au wa mpunga.

Halafu nenda kwa wanaolima. Wanaojua bonde ni kina mama wa mpunga, maana wamo ndani yake tangu kupanda mpaka kuvuna. Mmoja nilimkuta anapalilia chini ya Konde.

"Shikamoo bibi. Maji ya hapa huondoka lini?"

"Marahaba mwanangu. Hapa hayaondoki mpaka kusi ishike, tushavuna. Lile la juu kule ndilo hukauka mapema. Viluwiluwi hufa pale pale, pananuka."

Sentensi tatu tu, na kila moja ni takwimu. Alinipa dimbwi linalotosha, dimbwi linalokatika njiani, na tarehe za yote mawili.

Uliza mambo manne: maji huja na kuondoka lini; samaki wamo au waliwahi kutiwa; dawa gani humwagwa karibu; na kama wakilima kiangazi jembe huwa linatoa kobe matopeni. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Dimbwi likikauka kobe wa maji hujizika kwenye tope na kungoja mvua, na mkulima humwona kabla ya mtafiti.

Uliza pia kama kijito kiliwahi kutiwa dawa ya kuua konokono wa kichocho. Kazi ile ni ya afya na ni ya haki, lakini niklosamaidi inayotumika huua samaki na viluwiluwi vilevile. Ukikuta maji safi, ukingo mzuri, na hakuna kiluwiluwi hata mmoja, huenda jawabu ni hilo, na itabidi urudi msimu mwengine kabla ya kuandika "hawapo".

Umefanikiwa ikiwa una majina ya madimbwi kama wenyeji wanavyoyaita, na kwa kila moja una mwezi wa kujaa na mwezi wa kukauka.

## Hatua ya 2: Pima siku, usipime maji tu

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila fomu imeiruka, na ndiyo uti wa kazi yote.

Kiluwiluwi ana muda wake. Vyura wengi wadogo na wale wenye vinundu mgongoni huhitaji wiki tano au sita hivi kutoka yai hadi miguu minne. Kassina huhitaji miezi miwili au zaidi. Dimbwi likikauka kabla, kizazi chote kimekwenda, hata kama usiku wa kwanza wa mvua walilia mia. Kwa upande mwengine, dimbwi lisilokauka kamwe hukaa samaki, na perege wachache wanaweza kumaliza viluwiluwi wote. Dimbwi zuri kwa vyura wengi ni lile linalokaa na maji muda wa kutosha kisha likakauka. Watu huona dimbwi linalokauka ni dimbwi bovu. Kwa chura, kukauka ndiko kunakomwondoa adui yake.

Chomeka mwanzi wenye alama mahali penye kina zaidi, uushushe chini mpaka usitikisike. Fanya hivyo mvua za kwanza zikinyesha, au kabla. Muombe mtu anayepita kila wiki akusomee namba siku moja, saa moja. Kijiji kimoja tuliafikiana Ijumaa asubuhi, kabla watu hawajaanza kujitayarisha kwa msikiti, na hakuna wiki iliyokosekana. Siku ya "wakati wowote" husahauliwa.

Tuchukue mfano. Mvua zimekatika na mwanzi unasoma Ijumaa kwa Ijumaa: 48, 41, 33, 26, 18. Kwa wiki nne zimepotea sentimita 30, yaani saba na nusu kila wiki. Sasa tuseme mayai ya kassina uliyaona siku mwanzi unasoma 33. Gawa 33 kwa 7.5: wiki nne na kidogo, kama siku 31. Kassina hawatafika. Chura wa wiki tano yuko kwenye ukingo wa wembe, mvua moja ya mchoo inaweza kumwokoa. Hesabu hiyo ndogo ya penseli inakwambia zaidi kuliko picha hamsini.

Onyo: usisome mwanzi mara tu baada ya mvua kubwa ukadhani hiyo ndiyo hali ya wiki. Andika "mvua jana" pembeni ya namba.

Umefanikiwa ikiwa mwisho wa msimu una msururu wa namba usiopungua wiki kumi, na siku ya kukauka imeandikwa kwa tarehe.

## Hatua ya 3: Maji yenyewe

Hapa usipoteze muda mwingi. Pima chumvi, joto, na weupe wa maji (tia mkono wenye glavu, ukiacha kuona vidole kwenye kina cha kiganja, maji ni machafu).

Chumvi ndiyo ya kushughulikia kweli. Pemba ina ghuba nyingi zinazoingia ndani, na mabonde kadhaa ya mpunga yanapakana na mikoko. Bamvua kubwa linaweza kuingiza maji ya bahari. Maji ya bahari husoma kama 50,000 kwenye kipima chumvi cha mikrosimensi (kinachopima umeme unavyopita majini; chumvi ikizidi, namba hupanda). Maji baridi mazuri yako chini ya 1,000. Ukiona elfu kadhaa, viluwiluwi wa aina nyingi hawatastahimili. Pima pande mbili, upande wa bahari na upande wa juu, na urudi kupima baada ya bamvua.

## Hatua ya 4: Ukingo, na nchi kavu nyuma yake

Zunguka dimbwi lote. Kadiria ni sehemu gani ya ukingo ina ndago, matete au majani marefu, na sehemu gani ni udongo mtupu uliokanyagwa na ng'ombe. Tazama kama ukingo unashuka polepole au umekatwa kama ukuta wa kisima. Chura mdogo aliyemaliza mkia hawezi kupanda ukuta, na mayai mengi hutagwa kwenye maji ya kina cha kidole.

Kisha geuka, upe maji mgongo. Vijana wengi huishia kwenye ukingo, na kosa hili ni zito. Mwaka 2003 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, zaidi za Marekani, ukaonyesha kuwa vyura na jamaa zao hutumia nchi kavu kiasi cha mita 159 hadi 290 kutoka ukingoni, na reptilia kama kobe mita 127 hadi 289. Spishi zetu si zile, lakini funzo linafika: mtu akilinda maji peke yake amelinda chumba cha uzazi na akabomoa nyumba. Kobe jike hutoka majini kwenda kutaga kwenye udongo. Akikuta barabara au shamba lililotiwa moto, mayai hayana pa kukaa.

Vuta futi kutoka ukingoni pande nne, uandike unachokuta kwenye mita 30, 100 na 250: miwale, mikarafuu, muhogo, nyumba, barabara, jaa. Pembeni mwa Ngezi unaweza kukuta upande mmoja wa dimbwi ni msitu mpaka mita 250 na upande wa pili ni mashamba tangu mita ya kumi. Usizitafutie wastani pande hizo. Chora ramani, hata mbaya. Inua magogo na makuti machache, tazama chini, kisha uyarudishe kama yalivyokuwa. Gogo lililogeuzwa likaachwa limekauka ndani ya siku moja na waliokuwa chini yake wamekufa.

## Hatua ya 5: Usiku, sikiliza kabla ya kuangaza

Nenda kuanzia saa moja na nusu usiku mpaka saa nne, mvua ikiwa imenyesha siku ile au jana yake. Nenda mara tatu msimu mmoja: mvua za kwanza za masika, katikati, na zikianza kupungua. Mara moja haitoshi, kwa sababu kuna aina zinazozaliana kwa kishindo cha usiku mmoja au miwili tu, na nyengine hungoja mpaka majani yaote.

Mkifika, zimeni tochi zote. Kaeni kimya dakika mbili, maana vyura wamenyamaza kwa hatua zenu. Kisha sikilizeni dakika tano na kurekodi kwa simu. Kwa kila sauti tofauti toa alama:

0: hakuna.
1: unaweza kuwahesabu mmoja mmoja.
2: sauti zinapandana lakini bado unaweza kukadiria.
3: kishindo, hakuna pa kutenganisha.

Hujui jina? Andika sauti ilivyo: "kama tone la maji kwenye debe", "kama kizibo cha chupa kinachobanduka". Maelezo ya namna hiyo husaidia hata baadaye. Ukibuni jina la spishi, utakuwa umeharibu rekodi ambayo hakuna atakayeweza kuirekebisha.

Baada ya hapo washeni tochi na tembeeni mita 50 za ukingo kwa dakika 15, mmoja anaangaza, mmoja anaandika. Macho ya chura hurudisha mwanga. Piga picha nne: mgongo, ubavu, tumbo, na vidole vya nyuma. Vidole vina habari nyingi: vyenye visahani ni vya wapanda majani, vyenye utando mpana ni vya waogeleaji.

Onyo: nyoka nao huja kula chura. Tangulizeni fimbo, kisha mguu. Na mkono uliopakwa dawa ya mbu usimguse chura kamwe, ngozi yake hunyonya kila kitu. Rowesha glavu kwanza, mshike kwa sekunde chache, mrudishe pale pale.

## Hatua ya 6: Mayai na viluwiluwi

Kusikia dume analia kunakwambia kwamba alitaka kuzaa. Yai linakwambia kwamba alipata jike. Kiluwiluwi mwenye miguu ndiye anayekwambia dimbwi linafanya kazi. Basi usiridhike na kelele.

Mayai husomeka kama maandishi ukishayazoea. Kamba ndefu mbili za ute zenye nukta nyeusi, zimezungushwa kwenye majani: chura wenye vinundu. Utando mwembamba wa nukta ndogo uliotandazwa juu ya maji, kama pilipili manga iliyonyunyizwa: mara nyingi wale wadogo wa Phrynobatrachus, na hapa ndipo moyo wangu hupiga. Jani refu lililokunjwa kwa urefu wake na kugandishwa kwa ute, ukilitazama kwa mwanga unaona mayai ndani: Afrixalus. Povu jeupe kama sabuni, limening'inia kwenye tawi juu ya maji: Chiromantis, ambaye viluwiluwi wake hudondoka majini povu likilainika. Usilikunjue jani wala kulipasua povu. Piga picha upite.

Na wengine hawatagi dimbwini kabisa. Arthroleptis hutaga kwenye udongo na majani makavu, mtoto anatoka chura kamili. Mertensophryne micranotis hutumia maji yaliyotuama kwenye tundu la mti, ndani ya konokono mtupu au kifuu cha nazi. Kwa hiyo ukiwa msituni tia jicho kwenye vifuu kabla hujavitupa.

Kwa viluwiluwi: chota mara kumi kwenye kina kifupi, kumi kwenye majani, kumi kwenye maji ya wazi. Kila mchoto mmoja ni hatua moja ya mbele, taratibu, chandarua kikigusa chini. Mimina kwenye beseni jeupe lenye maji ya dimbwi lile lile, hesabu, piga picha ya ubavu na ya mdomo, rudisha ndani ya dakika tano. Andika pia wasio vyura: samaki, kerengende wachanga, konokono.

Umefanikiwa ikiwa angalau mara moja msimu mzima umekuta kiluwiluwi mwenye miguu minne na mkia unaosinyaa. Hapo unaweza kuandika "dimbwi la kuzalia" bila ya wasiwasi.

## Hatua ya 7: Kobe

Kaa mbali, alfajiri na jioni, umetulia nusu saa. Tafuta pua mbili zinazochomoza juu ya maji, michirizi ya tumbo kwenye tope, maganda ya mayai, gamba tupu.

Mwenye ruhusa ya kutega anaweza kutumia dema dogo lenye kichwa cha samaki ndani. Lakini sehemu ya juu ya dema lazima ibaki nje ya maji, na likaguliwe kila baada ya saa chache. Kobe anavuta hewa kama wewe. Nimewahi kutoa dema lililozamishwa usiku kucha na watu waliodhani linategwa kama la samaki. Ndani mlikuwa na kobe wawili, shingo zimelala ubavuni, wazito, wameshakufa. Ukiwa huna uhakika na kina cha asubuhi, usitege.

Ukimpata mmoja: pima urefu wa gamba la juu, piga picha ya gamba la chini, mrudishe. Mahali hasa alipo usiyaweke hadharani mtandaoni.

## Hatua ya 8: Toa uamuzi ulioandikwa

Usiandike "hali ni nzuri". Andika dimbwi liko kwenye fungu lipi:

Linazalisha. Siku za maji zinatosha, viluwiluwi wenye miguu wameonekana, nchi kavu ipo angalau upande mmoja. Ombi lako kwa shehia: lisifukiwe, lisitiwe samaki, dawa za shamba zisichanganywe wala mabomba ya kupulizia dawa kuoshwa ukingoni.

Linavuta lakini haliwafikishi. Wanalia, wanataga, wanakufa. Hili ndilo la haraka zaidi, kwa sababu kila mwaka linakusanya mayai ya jirani zake na kuyapoteza. Tafuta kinachotoa maji mapema: mara nyingi ni mfereji mmoja uliochimbwa pembeni. Kuziba nusu ya mfereji kwa udongo, kwa makubaliano na mwenye shamba, kunaweza kuongeza wiki mbili. Usichimbe kina mpaka lisikauke, utawaita samaki.

Halijajulikana. Hujatimiza ziara tatu za usiku, au mwanzi ulipotea. Andika hivyo hivyo. Neno "hawapo" litumike tu baada ya misimu miwili ya mvua iliyokaguliwa kikamilifu.

## Hatua ya 9: Kabla ya kwenda dimbwi la pili

Kuna kuvu anayeua vyura, Batrachochytrium dendrobatidis, ambaye amemaliza aina nyingi katika mabara mengine. Husafiri kwenye tope la viatu na nyavu. Sugua gambuti, chandarua na beseni kwa brashi mpaka tope liishe, loweka kwenye maji ya klorini, suuza mbali na dimbwi, anika juani mpaka vikauke kabisa. Ukikagua madimbwi mawili usiku mmoja, chukua seti mbili za vifaa.

Nakala moja ya fomu mpe sheha, moja Idara ya Misitu, na namba za mwanzi mrudishie aliyekuwa anazisoma, azione kwa mpangilio. Mwanzi wenyewe uache pale pale. Vuli ikianza utahitaji namba ya kwanza kabla tone la kwanza halijafika chini.